Kuoka biskuti za oti si kazi, kazi ni kusema ukweli kuhusu kilicho ndani

Wacha nianze na aibu yangu, ndio usisome haya ukidhani mimi ni mtakatifu wa mambo ya chakula.

Mwaka jana nilikuwa nauza biskuti za oti hapa ploti yetu. Oti ni ile nafaka iliyopondwa ikawa bapa, watu huipikia uji asubuhi. Biskuti zangu hazikuwa na mayai, maziwa wala siagi ya ng'ombe, na kwa kila pakiti nilibandika kikaratasi cha kijani: "VEGANI. BILA SUKARI. AFYA TUPU." Nilikesha usiku mmoja nikikitengeneza kwa simu. Kusema ukweli, nilijivunia hicho kikaratasi kuliko hata biskuti zenyewe.

Shosho wa nyumba namba 4 akaninunulia pakiti. Shosho ana kisukari, na ploti nzima inajua kwa sababu sisi vijana ndio humshikia begi siku za kliniki. Aliniuliza swali moja tu: "Mjukuu, hizi naweza kula?" Nikamsomea kikaratasi. Akaketi na chai yake ya rangi isiyo na sukari, akala tano.

Jioni binti yake alipompima na ile mashine ya kudunga kidole, ilisoma 17. Kawaida yake huwa 8 au 9. Shosho alikuwa na kiu isiyoisha, kichwa kinamgonga, na msalani anaenda kila saa. Walimpeleka hospitali, akahudumiwa, akarudi usiku uo huo. Asubuhi binti yake akabisha mlango wangu akiwa na pakiti mkononi. Hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Aliuliza tu, "Uliweka nini humu?"

Nikajibu, "Sikuweka sukari, auntie."

Alipoondoka nilikaa chini nikapiga hesabu ambayo ningepiga kabla ya kuuza hata biskuti moja. Kwa biskuti 20 nilikuwa nasaga gramu 250 za tende pamoja na ndizi nne zilizoiva kabisa. Tende, ukitoa kokwa, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 14. Jumla ni zaidi ya gramu 200 za sukari, kwa hivyo kila biskuti ilibeba zaidi ya gramu 10. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Shosho alikula tano. Hiyo ni sawa na vijiko 12 na ushee, kabla hujahesabu wanga wa oti ambao pia hugeuka sukari ukishafika tumboni. Na mimi nilikuwa nimemwandikia "bila sukari" kwa herufi kubwa.

Sasa sikiza msimamo wangu. Mimi bado naoka. Bado naamini biskuti ya oti ya kujiokea nyumbani ni bora kuliko nyingi tunazonunua. Lakini ubora wake unatoka mahali pamoja: unajua kwa kijiko umeweka nini na kiasi gani. Ukishaanza kufunika hayo kwa maneno matamu kama "vegani" na "afya", basi umetupa faida yote ya kuoka nyumbani. Umekuwa kiwanda kidogo chenye tangazo kubwa.

Hebu kwanza tulitazame hilo neno, vegani. Maana yake ni mtu asiyekula wala kutumia chochote kinachotoka kwa mnyama: si nyama tu, hata maziwa, mayai na asali. Neno lenyewe lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, wakati Donald Watson na wenzake walianzisha chama cha Vegan Society. Kwa hivyo neno ni geni, hilo nakubali. Chakula chenyewe si kigeni hata kidogo. Githeri ya mahindi na maharagwe ni vegani. Mukimo, nduma ya kuchemsha, viazi vitamu, uji wa wimbi, ugali na sukuma iliyokaangwa na mafuta ya mimea, mbaazi za nazi kule Pwani, zote ni vegani, na hakuna shosho aliyewahi kuzibandikia kikaratasi cha kijani.

Nasema hivi kwa sababu kuna wasee wakisikia "biskuti za vegani" wanacheka, ati hiyo ni mambo ya watu wa mitaa ya juu walio na blenda ya elfu ishirini. Maze, huo ni ujinga tunaojifanyia wenyewe. Tumekubali kwamba chakula safi ni cha wenye doo na sisi wengine tumeandikiwa mandazi na soda. Mimi naishi bedsita. Sina oveni. Koleji niliacha muhula wa tatu karo ilipokauka, na sina cheti chochote cha lishe. Na bado naoka kila wiki.

Lakini pia kuna kundi la pili, na hilo nilikuwa mwanachama sugu: wale wanaodhani vegani maana yake ni afya. Si kweli. Soda ni vegani. Chipsi za kibanda zikikaangwa kwa mafuta ya mimea ni vegani. Sukari yenyewe hutoka kwa miwa. Hata biskuti za kawaida za dukani, kuna nyingi ambazo ukisoma viambato hutapata yai wala maziwa, ni unga wa ngano, sukari na mafuta ya mawese tu. Neno vegani linakwambia kilichokosekana. Halikwambii kilichopo.

Kwa hivyo wacha nikwambie kilichopo kwa zangu za sasa. Ukipenda, chukua kalamu.

Kwa biskuti 16 ndogo, unahitaji vikombe viwili vya oti. Chagua zile bapa kubwa, si zile zilizosagwa laini za kuiva kwa dakika moja, kwa sababu oti ikishakatwakatwa sana mwili huimeng'enya haraka na sukari ya damu hupanda haraka pia. Ongeza ndizi mbili za wastani zilizoiva hadi zina madoa meusi. Hizo mama mboga hukupunguzia bei jioni, maana anajua kesho hazitauzika. Weka vijiko vinne vikubwa vya siagi ya njugu, ile ya njugu na chumvi tu. Tende nne ndogo zilizokatwakatwa, au uziache kabisa. Nusu kijiko cha chai cha mdalasini. Chumvi, ile ya kubana kwa vidole viwili. Ukiwa na mbegu za chia, kijiko kimoja kikubwa kilicholowekwa kwa vijiko vitatu vya maji kwa dakika kumi.

Labda unajiuliza yai limeenda wapi. Kwa biskuti, kazi kubwa ya yai ni kushikanisha. Ndizi iliyopondwa inashikanisha. Chia ikilowa hutoa ule ute unaoteleza, nao unashikanisha pia. Na siagi? Njugu zina mafuta yake. Kwa hivyo hujanyima biskuti kitu, umebadilisha tu mfanyakazi.

Ponda ndizi kwa uma hadi ziwe kama uji mzito. Tia siagi ya njugu, mdalasini na chumvi, koroga. Tia oti, tende na chia. Kisha uache hilo donge likae dakika 15. Usiruke hapa, nakuomba. Oti ina kiu, na inahitaji muda kunywa ule unyevu, la sivyo biskuti zitakumeguka mkononi. Baadaye chota kijiko kikubwa, bonyeza iwe bapa, unene wa kidole kidogo. Hizi hazitambai zikiwa motoni kama za siagi, kwa hivyo umbo utakaloipa ndilo itakalotoka nalo.

Kama una oveni, nyuzi 180 kwa dakika 15 hivi. Kama huna, karibu kwa chama chetu. Chukua sufuria nzito, mwaga mchanga mkavu na safi chini au chumvi ya mawe, unene wa inchi moja. Ifunike, iweke kwa jiko la makaa kwa dakika kumi ipate moto. Panga biskuti kwa sahani ya bati iliyopakwa mafuta kidogo, iweke juu ya mchanga, funika, kisha weka makaa machache juu ya kifuniko ili joto litoke pande zote mbili. Dakika 20 hadi 25. Na tafadhali, jiko la makaa liwe nje au mlangoni, si ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya makaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Wewe wa meko ya kilo 6 pia hujaachwa. Kikaango kizito, moto wa chini kabisa, funika, dakika saba au nane kila upande. Zitatoka na madoa ya kahawia na zitakuwa laini kidogo katikati. Mimi ndivyo hufanya siku za mvua.

Zikitoka ziache zipoe kabisa kabla ya kuzigusa. Na usitarajie ule ukavu wa kukatika kwa kishindo kama biskuti ya dukani. Hizi ni laini, za kutafunika, karibu ziwe keki. Kwa sababu ya ndizi hazidumu sana: siku mbili tatu kwa mkebe, au wiki moja kwa friji. Biskuti inayokaa miezi sita bila kubadilika ina sababu zake, na kubwa ni ule ukavu wake.

Sasa rudi kwa hesabu. Ndizi mbili ni kama gramu 28 za sukari, tende nne ndogo kama gramu 20. Gawa kwa 16, unapata gramu 3 kwa biskuti moja, chini kidogo ya kijiko cha chai. Si sifuri. Ni 3. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri ile sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na sharubati, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa chakula, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25 kwa siku. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo. Hiyo ni habari njema kwa wewe ambaye huna ugonjwa. Lakini mwili wa mtu wa kisukari hauulizi kama sukari ilitoka kwa tende au kwa kiwanda. Unahesabu tu.

Je, kuna faida? Ipo, na siyo ya kubahatisha. Oti ina aina ya nyuzinyuzi inayoitwa beta-glukani. Ikikutana na maji tumboni hugeuka kama ute mzito, hupunguza kasi ya sukari kuingia kwa damu, na ikiliwa mara kwa mara kwa kiasi cha kutosha husaidia kushusha ile kolesteroli mbaya. Njugu zinaleta protini na mafuta yanayokushibisha. Biskuti mbili na chai, unafika saa saba bila kutafuta kitu kingine cha kutafuna. Mandazi hayajawahi kunifanyia hivyo. Lakini faida hizo hazikupi ruhusa ya kumaliza mkebe. Njugu zina kalori nyingi, na ukila biskuti kumi za afya umekula biskuti kumi.

Na kwa kuwa tunasema ukweli, tusizipite njugu. Njugu zilizohifadhiwa kwa unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Hiyo sumu si hadithi hapa Kenya: mwaka 2004 kule Ukambani zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kula mahindi yaliyokuwa nayo. Kukaanga hakuiondoi yote. Kwa hivyo ukinunua njugu za kusaga mwenyewe, chambua. Zilizonyauka, zenye rangi ya ajabu, zenye ladha chungu, tupa. Usiseme ni hasara. Na kama ni za kusagiwa sokoni, ziangalie kabla hazijaingia kwa mashine, kwa sababu zikishakuwa siagi huwezi kujua chochote.

Najua mtu atasema: sawa, lakini hii ni biashara, na biashara ni jina. Nani atanunua biskuti iliyoandikwa "ina sukari gramu 3" wakati jirani ameandika "bila sukari"? Hoja hiyo naielewa, nimeiishi. Nilipobadilisha kikaratasi, mauzo yalishuka. Kuna wateja wawili walioniambia kwa uso kwamba biskuti za zamani zilikuwa "za afya zaidi", ilhali zile za zamani zilikuwa na sukari mara tatu. Hiyo iliniuma, sitakuficha. Kodi ya nyumba haingoji mtu mkweli.

Lakini fikiria upande wa pili. Sisi vijana tuko wa kwanza kulalamika tukidanganywa. Tunapiga picha mkate uliopungua uzito, tunaiposti. Tunauliza maziwa yamewekwa nini. Halafu tukipata sufuria yetu na simu ya kutengeneza kikaratasi, tunafanya yale yale, ila kwa rangi ya kijani. Na wa kuumia si yule tajiri aliye na daktari wake wa lishe. Ni shosho anayemwamini mjukuu wa ploti kwa sababu amemwona akikua. Uaminifu wa aina hiyo ndio mtaji pekee ambao wengi wetu tunao. Kukopa tunaweza, karo tunaweza kuchangiwa, lakini jirani akishaacha kuamini mkono wako, hakuna harambee ya kuurudisha.

Kwa hivyo kama unauza, au unafikiria kuuza, fanya hivi. Andika viambato vyote, kile kilicho kingi kwanza, vile vinavyopaswa kuandikwa kwa bidhaa za dukani. Andika "ina njugu" kwa herufi zinazoonekana, kwa sababu mtu mwenye aleji ya njugu anaweza kufa kwa kuuma mara moja. Usiandike "bila sukari" kama umetia tende, zabibu kavu, asali au sukari nguru. Andika "haina sukari ya kuongezwa" kama ni matunda matupu, na uongeze "ina sukari ya matunda". Ukitia asali, usiite vegani. Na mtu akikuuliza kama anaweza kula na ana kisukari, usimjibu kama daktari. Mwambie kilichomo na kiasi, umwache aulize kliniki yake. Kama unataka kufika kwenye rafu za maduka, kuna vibali vya kaunti na alama ya KEBS. Ni mlolongo, lakini ujue upo.

Na kama huuzi, unataka tu kitu cha kutafuna ukisoma au ukirudi job, basi ni rahisi zaidi. Nunua ndizi zenye madoa. Jaribu Jumamosi. Mara ya kwanza zitakuwa mbaya, zangu zilikuwa kama sponji ya kuosha vyombo. Mara ya pili punguza tende moja. Mara ya tatu punguza nyingine. Ulimi huzoea, kama vile ulivyozoea utamu mwingi. Mimi leo nikila biskuti zangu za mwaka jana nadhani zitanichoma koo.

Shosho tumepatana. Ilichukua muda. Nilimpelekea mkebe wa biskuti za sasa zisizo na tende, nikamwambia bila kuulizwa: oti vikombe viwili, ndizi mbili, njugu, na kila moja ina chini ya gramu 2 za sukari, mbali na wanga wa oti. Alisikiza mpaka mwisho. Hakula siku hiyo. Alimpa binti yake aulize kliniki kwanza, na wakaambiwa moja, pengine mbili, na apime baadaye.

Siku hizi hula moja saa nne, na chai ya rangi. Na kila nikimpelekea mkebe mpya, kabla hajafungua, bado huniuliza nimeweka nini. Mwanzoni nilidhani ananikumbusha kosa langu. Sasa najua ni swali zuri tu, na ningependa wewe pia uwe ukiuliza, hata kama anayekuuzia ni rafiki yako.